Kofia ya Vidole

Plasta imetolewa Jumanne. Mguu uliotoka humo sikuutambua: mwembamba, mkavu, una magamba kama wa kuku wa kienyeji, na unanuka. Kijana wangu aliutazama kwa muda, akauliza kama huo ndio niliokuwa nao siku zote.

Nilivunjika katikati ya Mei, hapa hapa Njombe, nikitoka shuleni ninakofundisha. Wala haikuwa ajali ya kusimulia. Hapakuwa na bodaboda wala lori la mbao. Niliteleza kwenye udongo mwekundu, nikasikia kitu kimelia ta!, nikajikuta nimekaa chini na madaftari ya darasa la sita yametawanyika topeni. Waliokuja kunipa pole walionekana kuvunjika moyo kidogo nilipowaeleza. Naona walitarajia angalau baiskeli.

Wiki sita, daktari alisema. Nikahesabu kwa vidole, nikaona ni mpaka mwisho wa Juni, yaani baridi inanikuta nimekaa. Wasioijua Njombe hudhani Tanzania nzima ni joto. Mdogo wangu aliyeko Dar kila akipiga simu huuliza, "Bado mnavaa masweta huko?" huku nikisikia feni inazunguka nyuma yake. Sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuna asubuhi za Juni na Julai unafungua mlango unakuta umande umeganda mweupe juu ya majani, na viazi vilivyochelewa shambani vimeungua kama vimemwagiwa maji ya moto.

Maumivu niliyavumilia. Kilichonishinda ni kukaa. Nimezoea kuamka wa kwanza, kubeba, kutumwa na kutuma. Kukaa kitini ukimtazama mume wako anavyopepeta mchele, nusu ungo, nusu sakafu, na ukanyamaza, ni kazi ngumu kuliko kufundisha hesabu za sehemu. Wiki ya pili, usiku mmoja, nililia bila sababu ninayoweza kuitaja. Mume wangu aliwasha taa, akanitazama, akaizima, akanishika mkono mpaka asubuhi. Hakusema neno. Hapo nilimpa mia kwa mia, na mchele nikausamehe.

Majirani hawakunitupa. Kulikuwa na uji wa ulezi kila asubuhi kwa siku tisa mfululizo, na sijawahi kuona ratiba yao. Nadhani walipangana huko kisimani. Walimu wenzangu walikuja na bahasha na habari zote za ofisini, nyingine sikupaswa kuzijua. Lakini wageni huondoka. Saa tisa mchana nyumba inakuwa kimya, unasikia bati linavyotatarika jua likiingia mawinguni.

Wiki ya tatu Mama akaja.

Alishuka kwenye basi la Lupembe na gunia la viazi, maharage, na kifurushi kimefungwa kwenye kitenge cha zamani. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, tunasubiri zamu ya upasuaji. Anaona mwanga, anaona umbo la mtu, ila sura anaimalizia kwa sauti. Alisema kamwene pale mlangoni, tukaitikia, akaja moja kwa moja akaupapasa mguu wangu kuanzia gotini kushuka chini, kama mtu anayekagua kuni kabla ya kulipa. Alipofika kwenye vidole vilivyochomoza nje ya plasta akasimama.

"Mbona una vidole vya chura?"

Kweli vilikuwa vya baridi. Soksi haikuingia juu ya plasta, blanketi lilikuwa linateleza, na kanga niliyoviringisha ilikuwa inafunguka kila nikijigeuza. Nilikuwa nimeshazoea. Mama akafungua kile kifurushi. Ndani mlikuwa na spoku za baiskeli.

Nilizijua. Ndizo nilizofundishiwa kufuma nikiwa darasa la tano, na ndizo nilizozikimbia nilipokwenda sekondari kwa sababu niliona kufuma ni mambo ya kizee. Spoku ina unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo vitanzi vyake vinatoka vidogo, vimebanana, na baridi haipati pa kupita. Ukifuma kipande bapa unaacha ule upande uliopinda uzuie vitanzi visichomoke, unanoa ncha moja tu kwenye jiwe. Ukitaka kufuma kitu cha mviringo, kama soksi, unakata kichwa na kunoa ncha zote mbili, na unahitaji nne. Hizi za Mama zilikuwa nne, zimechakaa mpaka zinang'aa kama fedha.

Alianzisha vitanzi 60, ishirini kwa kila spoku, ya nne ikawa ya kufumia. Ukingo akaufuma kimoja mbele, kimoja nyuma, kimoja mbele, kimoja nyuma, ili uvutike upande juu ya plasta na usivuke. Baada ya hapo akaenda wazi, raundi baada ya raundi, midomo inamcheza kidogo kwa kuhesabu. Hakupima kwa futi kamba. Alipima kwa shibiri, na mara moja akakilaza kile kipande juu ya vidole vyangu kama anavyopimishwa mtu kiatu. Kuelekea mwisho akawa anaunganisha vitanzi viwili viwili mpaka vikabaki sita, akakata uzi, akaupitisha ndani yake, akavuta. Kikajifunga kama mdomo wa mfuko.

Kofia. Alikuwa amevifumia vidole vyangu kofia, ya rangi ya maziwa, na juu akaweka kishada. Nilipomuuliza kishada cha nini, akasema, "Kofia bila kishada ni ya nani?" Nilicheka mpaka plasta ikaniuma. Usiku huo nililala bila kuamka, kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Kesho yake nikamwomba spoku mbili.

Mikono haikuwa imesahau, ila ilikuwa imekaidi. Mistari kumi ya kwanza nilifumua yote. Ya pili pia. (Spoku moja niliitumia pia kujikuna ndani ya plasta, na muuguzi alipoona alama aliniwakia kama mtoto wa chekechea. Alikuwa na haki. Msijaribu.) Halafu, sijui ni siku ya nne au ya tano, nikashtuka jua limezama, sijafikiria mguu wala ada ya muhula unaokuja kwa saa tatu nzima. Nilikuwa nimefikiria kitanzi kinachofuata tu.

Uzi mpya ni ghali, kwa hiyo tulifanya anavyofanya Mama miaka yote: sweta la mtumba. Nilimtuma kijana wangu sokoni na shilingi 6,000, alete mawili, nikampa somo kabla hajatoka. Ligeuze nje ndani, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa kwa mkasi kisha kikapigwa ovaloki, lirudishe hata liwe zuri namna gani, maana kila mstari umeshakatwa na utaambulia vipande vya uzi vyenye urefu wa mkono. Tafuta lenye ukingo safi, lililofumwa kipande kipande kisha vikaunganishwa. Hapo ukikata uzi unaostahili, mshono wote unafunguka kama zipu. Na ukifumua anzia juu, pale aliyefuma alipomalizia.

Alirudi na mawili yaliyofaa, moja la kijani, moja jekundu, na chenji ya shilingi 500 aliyoitangaza kwa fahari kubwa. Jioni mbili tulifumua. Yeye amekaa na mikono miwili mbele kama anayeomba dua, mimi namzungushia uzi. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja vimawimbi, kama nywele zilizotoka kwenye rasta, ndiyo maana kote kote tunasema kufumua. Unauosha, unautundika ukiwa umelowa, unaning'iniza chupa ya maji chini yake, asubuhi umenyooka. Kijana akauliza kwa nini kufuma ni kujenga, kufumua ni kubomoa, halafu mtu akafumaniwa. Mama alikohoa, akaomba aletewe kiazi.

Viazi navyo niviseme. Jioni tulikuwa tunavifukia kwenye majivu ya jiko la mkaa, dirisha liko wazi hata baridi iweje, kwa sababu Mama anamjua mtu aliyelala na jiko ndani na hakuamka. Ganda linakuwa jeusi, ndani unga mtupu. Unakipasua, unatia chumvi, unashushia na chai ya maziwa yenye tangawizi mpaka inakuwasha puani. Redioni ngoma ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku inalia, Mama anasema "Nyamazeni," na hakuna aliyekuwa anaongea.

Sasa, ile kofia ya pili.

Mume wangu ni wa Yanga, kufa kuzikana. Kijana wetu, kwa sababu anazozijua mwenyewe na Mungu wake, ni wa Simba. Mama akasema anataka kumfumia mkwe wake kofia ya kijani yenye mstari wa njano. Njano ilikuwepo kidogo, imebaki kwenye kikapu changu, pamoja na donge dogo la nyeupe. Taa yetu ya sebuleni ni hafifu. Akamwambia mjukuu, "Baba, nipe ule wa kijani."

Mtoto akampa mwekundu.

Niliona. Mtoto naye aliona kwamba nimeona. Nilikuwa nimekaa wiki tano bila kutenda kosa lolote, nikaona nina akiba. Nikainamisha kichwa kwenye kazi yangu. Ulipofika wakati wa njano, akapewa nyeupe. Jioni tatu Mama alifuma kofia ya Simba, kwa bidii, anasifu jinsi inavyotoka, na mjukuu amekaa ubavuni pake amejiziba mdomo kwa shuka.

Mkwe na mama mkwe ni jambo lenye heshima yake. Mama alimwita, akampa kofia kwa mikono miwili: "Mwanangu, nimekufumia rangi za timu yako." Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo. Akaitazama. Akamtazama mwanawe. Akanitazama mimi, muda mrefu zaidi. Kisha akaivaa.

"Asante sana, Mama. Imenikaa."

Na kwa kuwa Mama alikuwa anauliza kila asubuhi kama ameivaa, akaivaa. Akaenda nayo sokoni, akaenda nayo kwa fundi baiskeli ambako hukaa wenzake wa Yanga. Yaliyomkuta huko hajanisimulia, lakini nimeyasikia.

Ijumaa Mama aliondoka. Nilimsindikiza stendi na fimbo, polepole, mguu wangu wa kuku ukigusa ardhi kana kwamba ni ya watu wengine. Tukiwa tumekaa kwenye benchi tunasubiri basi lijae, akasema, bila kunigeukia, kwamba lile sweta jekundu lilikuwa na uzi wa kukwaruza, tofauti kabisa na lile la kijani.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo ulijua?"

"Mtoto alikuwa anacheka mpaka kochi linatikisika. Ningemkatizaje?"

Kofia ya vidole sasa tumeivika kifuniko cha chupa ya chai. Inaenea kama ilipimwa hapo, na kishada ndicho cha kushikia. Spoku nne ameniachia. Leo ni Jumapili, kijana yuko nje na mpira, mimi niko mstari wa 40 wa mkono wa kushoto wa sweta lake la shule. Mume wangu ametoka kwenda kutazama mpira, na sasa hakuna wa kumwuliza amevaa nini. Nimetupia jicho msumari wa mlangoni anapotundika kofia zake. Ya kijani ya dukani ipo. Ile ya Mama haipo.