Kwa nini Doto amempita Kulwa kwa urefu

Kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha watoto, nyumbani kwetu Mbagala, kuna mistari ya penseli ambayo nimekuwa nikiichora kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, tangu pacha wangu walipotimiza miaka 3. Kwa muda mrefu mistari ya Kulwa, mvulana, na ya Doto, msichana, ilipanda pamoja, sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na ya Kulwa ikitangulia kidogo. Walipofika miaka 11 mstari wa Doto ukapita, na mwaka huu, wakiwa na miaka 14 na wameanza kidato cha kwanza, Doto ana sentimita 156 na kaka yake ana 149. "Mama, mbona mdogo wangu ananipita?" Kulwa aliniuliza jioni moja. Nilimjibu tu kwamba atakua, na baada ya wiki moja nikamkuta na kichupa cha vidonge vya kurefusha kimo alichouziwa mtaani kwa fedha yake ya nauli. Uchungu nilioupata siku ile ndio ulionifanya nikae nao wote wawili na kuwaeleza jambo hili kama linavyostahili kuelezwa.

Mfupa mrefu, kama ule wa paja, haurefuki katikati, bali hurefuka karibu na ncha zake, mahali penye tabaka jembamba la gegedu, kitu kigumu kinachopindika kama kile cha sikioni. Ndani ya tabaka hilo chembe hai hugawanyika, hujipanga safu safu mithili ya sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine, kisha huvimba na kufa, na nafasi yake huchukuliwa na mfupa mgumu. Kwa hiyo kila sentimita ambayo mtoto anaongeza ni gegedu lililotengenezwa na kugeuzwa kuwa mfupa, na katika mguu sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwenye ncha zinazokutana gotini.

Kazi hiyo huongozwa na homoni. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na isiyozidi ukubwa wa punje ya harage, hutoa homoni ya ukuaji kwa vipindi, na kipindi kikubwa zaidi kwa kawaida huja usiku, mtoto akiwa katika usingizi mzito. Homoni hiyo huliamsha ini litoe kichocheo kingine kiitwacho IGF-1, na vyote viwili hulichochea gegedu. Balehe inapoanza, ovari za msichana au korodani za mvulana huongeza homoni za jinsia, nazo huifanya pituitari itoe homoni ya ukuaji kwa wingi zaidi, na hapo ndipo mtoto anapochupa kwa urefu. Wasichana wengi hufikia kilele cha kasi hiyo wakiwa na miaka 12 hivi, na wavulana wakiwa na 14 hivi, ambapo mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba homoni ile ile inayoharakisha ukuaji ndiyo inayoufunga. Estrojeni, homoni ya jinsia ya kike, ambayo wavulana pia huipata kwa sababu sehemu ya testosteroni yao, homoni ya jinsia ya kiume, hugeuzwa kuwa estrojeni, hulichosha gegedu kidogo kidogo mpaka likageuka mfupa wote. Mwaka 1994 madaktari nchini Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuisikia estrojeni: alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado alikuwa akiendelea kurefuka, kwa kuwa gegedu lake halikuwa limefunga. Anayetangulia kubalehe, basi, hutangulia pia kusimama. Mvulana hupata takriban miaka miwili zaidi ya utoto kabla ya kuchupa, na hapo hutoka sehemu kubwa ya zile sentimita 13 hivi ambazo wanaume huwazidi wanawake kwa wastani.

Nilimpeleka Kulwa hospitalini, akapigwa picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, na daktari akatuonyesha kwamba mifupa yake ni ya mtoto wa miaka 12 na nusu, yaani bado ina muda wa kurefuka. Baba yake alicheka kwa furaha aliposikia, kwani yeye mwenyewe alirefuka akiwa kidato cha tatu, na kuchelewa kwa namna hii mara nyingi hurithiwa. Ukichukua urefu wa baba, 170, na wa mama, 158, ukaongeza 13 kwa mvulana na kugawanya kwa mbili, unapata sentimita 170 na nusu, ambazo ndizo urefu anaoweza kufikia ukubwani. Hayo ni makadirio tu, na mtoto anaweza kuzidi au kupungua kwa sentimita 8 hivi.

Kuhusu vidonge sina subira. Homoni ya ukuaji ni protini, ukiimeza humeng'enywa kama nyama, na ndiyo maana wagonjwa wanaoihitaji kweli huchomwa sindano chini ya uangalizi wa daktari. Fedha ile ingenunua dagaa, mayai na maharage. Hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na urefu unaopotea katika umri huo ni vigumu kuurudisha wote wakati wa balehe.

Kulwa amebadilisha viatu vya shule mara mbili tangu Januari, nami nimefurahi, kwa sababu nyayo hutangulia, kisha miguu, kiwiliwili kikifuata mwishoni. Fundi cherehani wa Kariakoo nimemwomba aache pindo refu kwenye suruali zake. Doto, aliyevunja ungo mwaka jana, aliuliza kama yeye sasa amefika. Nilimwambia kwamba baada ya hapo wasichana wengi huongeza sentimita chache tu, na kwamba yeye ameshaongeza tatu. Alikwenda mlangoni, akautazama mstari wake, kisha akamwita kaka yake waje kupimana tena.