Kumi iliyohama mstari

Ngamiani joto la kaskazi halijatulia, na umeme leo haujakatika hata mara moja, kwa hiyo sina kisingizio.

Siku ya tatu hii skrini ya kompyuta, inayopokea maneno ya ubao wangu wa saketi kupitia waya wa siriali, inanitemea takataka: alama za ajabu, mara herufi moja ya kweli, mara vibox vitupu. Ubao ni wangu mwenyewe, wa kufuatilia baridi ya majokofu ya samaki. Prosesa ni AM3358, na butiloda, programu inayouamsha ubao, nimeirekebisha kwa mikono yangu. Kwanza niliushuku waya, nikaulehemu upya. Kisha nikaishuku memori kadi, maana keneli, moyo wa mfumo endeshi, ilikuwa inapakiwa kwa kujikokota. Nikarudi Barabara ya 8 kwa kijana aliyeniuzia, nikamwambia mbele ya wateja wake kuwa kanipa feki. Hakubisha. Alinitazama tu.

Leo, kwa kuchoka, nimechomoa kadi nikawasha ubao hivyo hivyo. Skrini ikaandika CCCC, safi kabisa! Hizo C hutumwa na programu iliyomo ndani ya chipu tangu kiwandani, ikikosa pa kuanzia, tena kwa kasi ileile niliyoiweka kwenye kompyuta, biti 115,200 kwa sekunde. Basi waya ni mzima. Mkosaji anaingia baada ya hapo, na baada ya hapo ni mimi.

Nikashusha kasi ya kusoma hadi 57,600. Maneno yote yakasomeka.

Nusu. Kristali, inayotoa mapigo ya saa ya ubao, ni ya megahezi 24. PLL (saketi ya kuzidisha mapigo) ya vifaa vya pembeni huipandisha hadi 960, ikigawanywa kwa 5 ni 192, na robo yake, 48, ndiyo saa ya siriali. Penye 5 nilikuwa nimeandika 10, niliyoibeba kutoka mstari wa PLL nyingine. Saa ikawa 24. Sehemu inayopanga kasi ya siriali haipimi chochote: imeambiwa 48, inagawa kwa 16, kisha kwa 115,200, inapata 26, imemaliza. Kama mgeni aliyeambiwa na mama aje saa nne, akatokea alasiri, simu yake ikionyesha 4, akiwa na uhakika kabisa kwamba amewahi.

Na kadi? Saa yake nayo hutoka kwenye 192 hiyohiyo. Badala ya 96 ilikuwa inapata 48.

Nimerudisha 5. Keneli imepanda kabla sijameza funda la chai.

Kesho Barabara ya 8. Sijui nitaanzaje, labda ninunue kadi ya pili kwanza, ndipo niseme.