Kwani wagonjwa wa huku wameisha?

Siku ya sita leo, na neno nililolitoa kwa mdomo wangu bado limenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Ilikuwa Jumapili jioni. Mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi, Kitinda, mdogo wangu muuguzi, yuko sakafuni anapima begi la safari kwa mizani ya kaka ya kupimia mchele. Kilo 23, isizidi. Akatoa leso mbili, akarudisha moja. Mdomo wangu huu usiojua kunyamaza ukamuuliza: "Kwani wagonjwa wa huku wameisha?"

Hata uso hakuinua. "Hawajaisha, dada. Mkataba ndio umeisha."

Akaendelea kukunja nguo. Nami nikakuna mpaka kwenye kifuu, tui la siku ile likatoka na rangi ya kahawia, na hakuna aliyelisemea.

Jumanne akaruka kwenda Uingereza, Alhamisi tukamwoza binti wa mjomba. Mimi bado niko Jumapili. Nalirudia jibu lake nikifua, nikingoja tuktuk, hata kwenye swala, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikijua yote! Wakati wa korona wauguzi walikuwa mashujaa, wakaandikwa kwa mkataba wa miaka 3. Ukaongezwa, ukaongezwa tena, kisha kimya. Nauli ya kwenda kazini tulikuwa tukimchangia sisi. Na tangu 2021 serikali yetu ya Kenya na ya Uingereza zimetiliana saini, wauguzi waliokaa nyumbani bila kazi waende. Sasa mimi namuuliza yeye?

Jana usiku nikamkumbuka babu. Alishuka Bandari ya Kale kwa jahazi la kutoka Shihr, kaskazi ikivuma, njaa ya miaka ya 1940 imewamaliza kwao Hadhramaut, Yemen. Kofia kichwani, na deni la nauli. Yeye naye kuna dada aliyemuuliza kama tende zimeisha? Huenda. Nikamwona anafunga kikoi chake kimya kimya, uso chini, vile vile kama Kitinda. Nikacheka peke yangu jikoni.

Asubuhi ikaingia sauti ya Kitinda kwenye simu: baridi, viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi, mtihani wa vitendo unamngoja. Na ile leso aliyoiacha, nisiiguse.

Nimeivaa.

Tangi la juu linavuja tena, safari hii upande wa chumba cha mama. Fundi hashiki simu.