Mkia unaogonga ndoo

Wapendwa, Bwana asifiwe. Tafakari ya wiki hii mnivumilie tu maana nimeitoa kwa mbwa. Ndiyo mbwa, usicheke, Ayubu 12:7 si imeandikwa "waulize hao wanyama, nao watakufundisha", basi mi nimeuliza.

Wangu anaitwa Simba japo hana hata chembe ya usimba. Kuna jioni nilirudi nyumbani nimetoka kuambiwa mkataba wa kazi ndo umeisha hauendelei, njia nzima napanga maneno nitawaambiaje watu wa nyumbani, nafungua mlango sijasema kitu nasikia du du du du, mkia unagonga ndoo tupu, anazunguka, anapiga zile chafya zake za furaha, kisha ananiletea kiatu (kiatu changu mwenyewe, tena alishakitafuna) ananiwekea miguuni kama zawadi. Nikamwambia we huna habari. Na kweli hana! Kazi ipo haipo yeye hajui, habari yake ni moja tu, nimerudi.

Filipi 4:4 tunaijua wote, "Furahini katika Bwana sikuzote", ila wengi tunaichukua kama amri ya kujikaza, meno nje huku moyo unavuja. Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni, kwa hiyo hakuwa anafurahia hali yake, alikuwa anamfurahia Mtu. Hapo Simba kanizidi mbali sana.

Lakini kilichonishika hasa ni kingine. Siku chache baadaye nasoma Luka 15, nafika pale mwana mpotevu anarudi kwao, angali mbali, baba kamwona, "akaenda mbio". Yaani mzee mzima anatoka mbio, na kijana hata hotuba aliyoipanga njiani hakuimaliza, kama mimi tu na ya kwangu. Nikaikumbuka ile ndoo. Miaka yote nilidhani mimi ndo natakiwa nimchangamkie Mungu, nikichoka najiona nina deni, kumbe Sefania 3:17 inasema Yeye ndo ananishangilia, tena kwa kuimba. Najua kuna atakayesema huyu sasa kamlinganisha Mungu na mbwa, na ni kweli kwenye Biblia mbwa hana jina zuri, ila pale mlangoni kwa tajiri, waliomsogelea maskini Lazaro na vidonda vyake walikuwa ni hao hao mbwa.

Simba siku hizi kazeeka, macho yameingia ukungu, anajigonga kwenye viti. Juzi nimechelewa kurudi nikavua viatu nje nisije nikamwamsha, nikaingia nanyata kama mwizi, taa sijawasha, pumzi nimebana. Du du du du. Ndoo ikaanguka, nyumba nzima ikaamka.