Pesa Zangu Zilipokwama

Kipa wangu alimaliza mechi bila kufungwa, na nahodha niliyemteua akafunga mabao mawili. Huu ni mchezo wa fantasi, ambao mtu hupanga mtandaoni timu ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani. Katika ligi nyingi za fantasi pointi za nahodha huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo timu niliyoipanga kwa wiki nzima ilipanda mpaka nafasi ya pili katika shindano la kulipia lenye washiriki wengi mno. Kulipokucha tovuti ilikuwa imeshafunga hesabu, na pesa za ushindi zimeingia kwenye salio langu. Nikaomba kuzitoa.

Ombi likabaki "linashughulikiwa". Wakataka kitambulisho, nikatuma. Wakataka taarifa ya benki, nikatuma. Wakataka picha yangu nikiwa nimeshika kitambulisho kando ya uso. Nilipotuma, wakasema kona moja haionekani vizuri. Kila walichotaka kilikuja peke yake, siku kadhaa baada ya kile kilichotangulia.

Sipingi uthibitisho. Wapo watoto wanaocheza kwa majina ya wazazi wao, na wapo wanaotakatisha fedha. Ila siku nilipoweka pesa zangu hakuna aliyeniuliza chochote. Uingereza, tangu 2019, kampuni lazima zijue umri na utambulisho wa mchezaji kabla hajacheza, na haziruhusiwi kumzuilia pesa kwa kudai nyaraka ambazo zingeweza kuombwa mapema. Tovuti yangu haikubanwa na kanuni hiyo, na ilionekana.

Kando ya ombi langu kulikuwa na kitufe cha kulighairi ili pesa zirudi kuchezwa, na jioni zilikuja ahadi za bonasi. Huo ni mtego, nami nasema hivyo bila kusita. Uingereza walikipiga marufuku kitufe cha namna hiyo mwaka 2021. Mtu aliyechoka kusubiri hukibonyeza, na ushindi wake unarudi ulikotoka.

Kisha ikaja barua pepe iliyonikosesha usingizi: akaunti yangu imezuiwa kwa tuhuma ya "akaunti nyingi", yaani mtu mmoja kuwa na akaunti zaidi ya moja. Dada yangu naye alikuwa mchezaji wa tovuti hiyohiyo, kwa jina lake na kadi yake ya benki, na tulikuwa tukiishi nyumba moja, tukitumia intaneti moja. Nilimweleza hayo mhudumu kwenye chati. Akajibu kwamba uamuzi ni wa mwisho, na vigezo na masharti vimezingatiwa.

"Mdogo wangu, achana na chati," dada akaniambia. "Ile wakiifunga imekwenda. Waandikie barua pepe, na kila unachokiona kwenye akaunti yako kipige picha sasa hivi."

Tukakaa naye. Tulihifadhi msimamo wa shindano, jedwali la pointi, risiti za kuweka pesa, na masharti yenyewe, kwa kuwa tovuti huweza kuyabadilisha wakati wowote. Kifungu walichokitaja kilikataza mtu mmoja kuwa na akaunti mbili. Watu wawili chini ya paa moja hawakutajwa popote. Nilipata nguvu pia kwa kesi ya Andrew Green, aliyenyimwa pauni milioni 1.7 na kampuni ya kubeti iliyodai mchezo ulikuwa na hitilafu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya London iliamua alipwe. Kumbe hata masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo yana jaji wa kuyasoma.

Hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba huenda pesa zenyewe hazipo. Mwaka 2017 kampuni ya fantasi iitwayo Fantasy Aces iliomba kutangazwa mufilisi huko Marekani huku wachezaji wakiidai salio zao. Namba inayoonekana kwenye skrini ni deni tu mpaka ifike benki.

Chini kabisa ya ukurasa wa tovuti palikuwa na namba ya leseni ya Malta. Nembo mtu anaweza kuibandika tu, kwa hiyo niliitafuta namba hiyo kwenye orodha ya mamlaka ya Malta inayotoa leseni hizo, nikaikuta. Kampuni yenye leseni hiyo lazima iwe na chombo huru cha usuluhishi kinachopokea malalamiko ya wachezaji. Niliandika malalamiko rasmi kwa kampuni kwanza, nikitaja kifungu na kuwataka waitaje akaunti ya pili wanayosema ni yangu. Hawakuitaja. Nikapeleka jalada lote kwa wasuluhishi.

Kabla wasuluhishi hawajatoa uamuzi, kampuni iliandika kwamba "baada ya kupitia upya" ombi langu limekubaliwa. Pesa zikafika benki zote, bila kupunguzwa. Dada alitoa za kwake siku hiyohiyo, tukafunga akaunti zote mbili. Niliwaandikia tena kuuliza tuhuma ile ilitokana na nini hasa, maana jina langu lilichafuliwa kwenye kumbukumbu zao. Swali hilo halijajibiwa.