Kanisa letu, majirani zetu na maji ya mvua

Usharika wetu hapa Sinza unataka kuvunja kanisa la sasa na kujenga jingine la ghorofa, litakalochukua waumini karibu mara mbili, na kwa ajili hiyo umenunua kiwanja cha jirani ambacho mpaka mwaka jana kilikuwa na nyumba ya familia. Ninasali hapo, na ninaishi nyumba ya tatu kutoka ukuta wa kanisa, kwa hiyo maneno ya pande zote mbili yananifikia: ya waumini baada ya ibada, na ya majirani jioni dukani.

Haja ya kujenga ni ya kweli kabisa. Katika ibada ya pili watu wengi hukaa nje kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na mvua ikianza, akina mama wenye watoto mgongoni husukumana mlangoni huku mahubiri yakiendelea. Watoto wa shule ya Jumapili hufundishwa kwenye ujia kati ya ofisi na choo. Anayesema kwamba tunajenga kwa kutaka fahari hajawahi kusimama hapo.

Hata hivyo, Sinza haikupangwa kwa majengo makubwa. Ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili watu wa kipato kidogo wapate viwanja vidogo vyenye barabara na maji. Leo baa, gesti na maghorofa vimejaa, na ndiyo maana waumini wenzangu wanaumia kuona kwamba kanisa ndilo linalopingwa kwa sauti kubwa kuliko vyote. Uchungu huo ninauelewa. Lakini baa ile iliyojengwa bila majirani kuulizwa ni kosa lililotuumiza wote, na sioni kwa nini kanisa litake kupimwa kwa kipimo chake.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano, na kwa muda mrefu mazungumzo yalikwenda kombo. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kazi ya Mungu haizuiliwi, kijana mmoja akamjibu kwa ukali, na mwingine akataja Ibara ya 19 ya Katiba, inayolinda uhuru wa kuabudu, kana kwamba kuna mtu aliyeukataa uhuru huo. Ndipo aliposimama mama anayeishi nyuma ya kanisa, Mwislamu, mjane, ambaye wengi wetu tumekula pilau kwake sikukuu za Idi. Alimwambia mchungaji, "Baba Mchungaji, mimi sina ugomvi na kanisa, wajukuu zangu wamesoma chekechea yenu. Ninauliza tu, maji ya paa hilo yatakwenda wapi?"

Mchungaji alimjibu kwa upole, "Mama, hilo tutaliangalia." Nilikuwa nimeketi karibu na meza yenye mchoro, na nilipouinamia niliona maegesho, ngazi, ofisi na mnara wa kengele, mtaro haukuwepo hata mmoja.

Kesho yake nilikwenda kumwamkia mama yule na kuona mwenyewe. Mtaro unaopita kati ya ukuta wa kanisa na nyumba yake hauzidi kina cha shubiri moja, na nusu yake imejaa mchanga na chupa za maji. Ukutani mwa sebule kuna alama ya kahawia inayokaribia soketi ya umeme, na friji yake imepandishwa juu ya matofali tangu masika yaliyopita. Alinionyesha yote hayo bila kulalamika, akanikaribisha chai.

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa jipya, kwa vipimo vya mchoro, litakuwa na mita za mraba zipatazo 600, kwa hiyo siku moja ya mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika Dar es Salaam si jambo la ajabu, itashusha lita 30,000. Uwanja wa mchanga unaokunywa sehemu ya mvua leo nao utawekwa vitofali vya maegesho. Maji hayo yote yatafuata mteremko, na mteremko unaishia mlangoni kwa mama yule.

Mambo mengine yaliyosemwa ni ya haki pia: magari ya Jumapili yanayoziba barabara kiasi kwamba gari la wagonjwa haliwezi kupita, na spika za mkesha zinazoelekezwa nje. Hayo yanaweza kurekebishwa wiki hii hii, tukitaka, bila kusubiri jengo.

Linalonisumbua zaidi ni mpangilio wa mambo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka idhini ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza kiwanja, na kiwanja tulichonunua ni cha makazi. Sisi tulianza na ahadi. Tulikwishapiga mnada wa kuku na mikungu ya ndizi baada ya ibada, tukashangilia kila mfuko wa saruji uliotajwa, wakati majirani walipata habari walipowaona wapimaji wakipigilia vigingi. Laiti tungepita nyumba kwa nyumba kwanza, kama tunavyopita tunapokuwa na msiba, naamini nusu ya hasira ya mkutano ule isingekuwepo.

Kamati ya ujenzi inakutana Jumamosi, na nimeomba nafasi ya kuzungumza. Nitapeleka hesabu ya maji na picha za mtaro, na nitaomba mchoro urudi kwa mhandisi ili uongezwe matangi ya kuvuna maji ya paa na mtaro wenye mfuniko unaofika barabara kuu, kwa gharama ya usharika. Nitaomba pia mama yule aalikwe, aketi mezani na mchoro mbele yake. Niliahidi mifuko 20 ya saruji, na nitaitoa. Nitaomba mifuko hiyo ianzie kwenye mtaro.