Kuicheka Star Trek: masikio ya bandia hayatoshi

Anayetaka kuiga kwa mzaha Star Trek, ule mchezo wa runinga wa Marekani kuhusu mabaharia wa chombo cha anga, huanza na masikio yaliyochongoka ya Spock, kisha zile pumzi za Kapteni Kirk anayekatakata sentensi. Watu hucheka dakika moja, basi. Mzaha unaokaa ni ule unaoshika sheria za mchezo wenyewe kwa ukaidi kuliko wenyewe walivyozishika.

Filamu ya Galaxy Quest ya 1999 ndiyo fundi wa jambo hili. Viumbe wa anga wametazama mchezo wa zamani wa runinga, wa kubuni ulioigwa Star Trek, wakaamini ni historia, wakajenga chombo kilekile, upuuzi wote ndani yake. Kwa hiyo kuna njia yenye vyuma vikubwa vya kuponda watu, visivyo na kazi yoyote ila mwandishi aliviweka. Saa ya mlipuko inasimama ikiwa imebaki sekunde 1, kwa kuwa runingani husimama hapo. Na yumo Guy, aliyewahi kuigiza baharia wa kufa mapema, anayehangaika kwamba mhusika wake hakupewa jina la ukoo. Mashati mekundu, yaani mabaharia wadogo waliovaa nyekundu katika mfululizo wa kwanza wa Star Trek (1966 hadi 1969, vipindi 79), waliteketea hivyohivyo. Waigaji wengi humwua tu maskini huyo, hapa amepewa akili ya kujua.

Kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live, Mei 1976, walikuja kivingine. John Belushi ni Kirk, na adui anayewafukuza angani ni gari, Chrysler Imperial ya 1968, lililobeba wakubwa wa NBC, kituo cha runinga, waliokuja kuufuta mchezo. NBC ndiyo iliyoufuta kweli, na NBC ndiyo iliyorusha kichekesho hicho! Nguruwe wa The Muppet Show, kipindi cha vikaragosi, na chombo chao Swinetrek wanafurahisha, ila wao hawana ugomvi na mtu.

Ukitaka kurekodi video yako ya mzaha kwa simu, anza na chombo kupigwa kombora. Kamera inainama upande mmoja, waigizaji wote wanayumba pamoja kwa hesabu ya mtu mmoja anayepaza sauti. Zima kile kitulizaji cha picha kwenye simu, la sivyo kitafuta mtikisiko wote ubaki na watu wanaojirusha ovyo. Mwigizaji mmoja akiyumba kwa kuchelewa ni kichekesho, lakini apewe pigo la tatu. Mawili ya kwanza yawe sahihi, mtazamaji azoee kwanza.

Milango ya chombo, iliyoonekana kujifungua yenyewe, studioni ilivutwa na watu waliojificha nyuma, na mvutaji akikosa ishara mwigizaji aliugonga mlango kwa uso. Fanya hivyohivyo, halafu weka mlio wa mlango hata kama haukufunguka.

Kutoweka kwa mwanga, yaani mhusika kuyeyuka chomboni na kutokea mahali pengine, kulibuniwa kwa sababu kutua kwa chombo kila wiki kungekula bajeti. Simu iwe juu ya tripodi; mrekodi mwigizaji akiwa amesimama, kisha nafasi tupu, uyeyushe picha moja ndani ya nyingine. Funga mwanga na fokasi kabla ya kuanza: simu ikijirekebisha yenyewe, ukuta nao utabadilika rangi. Ule mmeto wa asili ulikuwa unga wa alumini ukianguka mbele ya taa. Pambo la kung'aa la kadi linatosha, na likimwagwa jingi mno hadi mwigizaji apige chafya, usikate.